Mfuko Wenye Jina la Hira

Saa kumi na dakika tano alasiri, Alhamisi tarehe 30 Oktoba, mlango wa nyuma wa basi ulifunguka mbele ya plaza moja ya maduka katika Barabara ya Lawrence, Scarborough, mjini Toronto, na wasichana wawili wakashuka. Wa kwanza alikuwa Fizza, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Wa pili alikuwa Inara, mwenzake wa darasa la saba. Walishuka hapo kila siku ya shule na kutembea dakika tano mpaka kwenye majengo yao. Siku hiyo hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Waliingia dukani.

Kesho yake ilikuwa Halowini. Jioni ya siku hiyo watoto wa Toronto huvaa mavazi ya kutisha, hugonga milango ya majirani na kupewa pipi. Katika jengo la akina Fizza, mpangaji anayetaka kugongewa huandika namba ya nyumba yake kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na lifti, kisha hubandika boga la karatasi mlangoni pake. Ghorofa ya kumi na nne ilikuwa na milango sita yenye maboga.

Hira, mdogo wake Fizza, alikuwa na miaka saba na hakuwahi kugonga hata mlango mmoja. Ana ugonjwa wa siliaki. Akila gluteni, protini iliyomo ndani ya ngano na shayiri, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo wake mwenyewe. Hakuna dawa ya kuondoa gluteni ikishaliwa. Kuna kuiepuka tu. Mwaka uliotangulia Hira alikula biskuti moja ya mtoto mwenzake akalazwa siku nne. Fizza alikuwa bado anakumbuka sauti ya mdogo wake ikipita ukutani usiku wa kabla ya kulazwa, ikiomba maji ambayo hayakukaa tumboni.

Mwaka huu Fizza alikuwa na mpango. Angenunua pipi zisizo na gluteni, azitie katika mifuko sita ya karatasi, aandike jina la Hira kwa rangi ya kijani, na kuigawa kwa majirani siku moja kabla. Hira angegonga kama watoto wengine na kupewa mfuko wake. Mama alikubali kwa sharti moja, lile lile la siku zote: kila kitu kisomwe mara tatu, dukani, nyumbani na kabla ya kufunguliwa, kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho.

Dukani walipata pipi za kijiti haraka. Mfuko ulisema waziwazi kwamba hazina gluteni. Zilihitajika pipi za aina ya pili.

"Hizi dubu?" Inara aliuliza.

"Zina jelatini."

"Hizi nyota?"

"Jelatini."

"Eh, Fizza! Tutazeeka humu. Mvua inaongezeka."

Fizza alichukua mfuko wa kamba nyekundu, pipi ndefu laini zilizofungwa mbili mbili katika vipakiti vidogo. Aliugeuza mfuko nyuma. Familia yao ni Waislamu wa Kishia kutoka Dar es Salaam, na nyumbani hawali jelatini isiyojulikana imetokana na mnyama gani. Fizza alifundishwa kulitafuta neno hilo kabla hajafundishwa kuzidisha. Jicho lake lilizoea kuteleza juu ya orodha mpaka likutane nalo au lifike mwisho. Safari hii lilifika mwisho.

"Haina," alisema.

"Alhamdulillahi," Inara alijibu. "Lipa twende."

Walipofika nyumbani, Mama alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti, anatafuta funguo. Ilikuwa jioni ya kuamkia Ijumaa na dua msikitini ilikuwa inakaribia kuanza. Alizitazama pipi zilizokuwa mezani.

"Umesoma?"

"Nimesoma, Mama."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Dukani na hapa."

Alikuwa amesoma mara moja, na si yote. Mama alimwangalia kidogo, kisha akatazama saa.

"Haya. Nakuamini. Mlishe Hira saa kumi na mbili na nusu."

Kabla ya kulala Fizza alikuwa ameshagawa mifuko yote sita. Kila mmoja ulikuwa na pipi tatu za kijiti na kipakiti kimoja cha kamba nyekundu. Alimweleza Hira utaratibu.

"Mfuko wenye jina lako kwa kijani, unakula hapo hapo. Usio na jina, unaleta nyumbani. Sema."

"Jina langu, nakula," Hira alisema. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Bila jina, naleta."

"Tena."

Akasema tena, akicheka.

Jengo lao halina ghorofa ya kumi na tatu. Waliolijenga waliiruka namba hiyo, inayodhaniwa kuwa ya mkosi, kwa hiyo lifti hutoka kumi na mbili ikafika kumi na nne. Fizza alijua kwamba hiyo ni namba tu iliyobadilishwa kwenye kitufe, na kwamba wao ndio wanaoishi kwenye ghorofa ya kumi na tatu. Ijumaa, aliporudi kutoka shuleni, lifti ilisimama ghorofa hiyo, ikafunguka na kujifunga mara mbili kabla hajatoka. Korido ilikuwa imepambwa kwa utando wa buibui wa pamba. Mlango wa 1407 ulikuwa na mifupa ya plastiki inayocheka mtu akipita. Upepo uliingia kwenye bomba la kutupia taka na kutoa mlio mrefu, mwembamba. Ulitoa mlio huo kila siku yenye upepo. Siku hiyo Fizza aliusikiliza.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni, Mama alikuwa chumbani akimfunga Hira mabawa ya popo aliyoyashona kwa mtandio mweusi. Baba alikuwa kazini uwanja wa ndege mpaka saa nne. Fizza alikaa jikoni peke yake. Vipakiti kadhaa vya kamba vilikuwa vimebaki mfukoni, na alitaka kimoja. Vipakiti vyenyewe havikuwa na maandishi ila jina la pipi. Orodha ya viambato ilikuwa nyuma ya mfuko mkubwa, ambao ulikuwa umelala mezani orodha juu.

Aliisoma bila kutafuta chochote. Neno la kwanza lilikuwa sukari. La pili lilikuwa unga wa ngano.

Akalisoma tena. Halikubadilika. Chini ya orodha, kwa herufi nene, kulikuwa na onyo: ina ngano. Onyo hilo lilikuwa pale pale dukani, chini ya taa, umbali wa kidole kimoja kutoka mahali alipokuwa anatafuta jelatini.

"Dada!" Hira aliita kutoka chumbani. "Njoo uone! Ninaruka!"

Fizza aliukunja mfuko na kuusukuma ndani ya pipa, chini ya maganda ya viazi. Alifikiri jambo moja tu: Mama akijua, atamvua Hira mabawa yale. Milango ilikuwa sita. Vipakiti vilikuwa sita. Alikuwa na dakika ishirini na tano kabla watoto hawajaanza kugonga saa kumi na mbili.

"Mama, naenda kuangalia kama wote wamebandika maboga," alisema.

Hilo nalo halikuwa kweli.

Katika 1402 alikaa Mogaka, kijana Mkenya anayesomea uhandisi. Alifungua akiwa amejipaka unga usoni.

"Niaje, Fizza! Mbona umevaa kama mwalimu mkuu?"

"Naomba ule mfuko wa Hira. Kuna kitu nataka kutoa."

"Unaibia sista yako? Wee! Hiyo hata shetani hawezi."

"Nimekosea kitu kidogo tu."

Mogaka alimpa mfuko. Fizza alitoa kipakiti chekundu, akakitia mfukoni mwa koti, akamrudishia mfuko. Katika 1404 Bwana Gaspard, Mkongo mwenye ndevu nyeupe, alimtazama kwa makini.

"Uko na haraka hivi juu ya nini, mama? Uso wako ni kama wa mtu ameona maiti."

"Hapana, Bwana Gaspard. Halowini tu."

"Bon. Chukua. Lakini mtu wa Halowini anacheka. Weye hauchekake."

Nyumba 1405, 1407 na 1410 zilimrudishia mifuko bila maswali. Kila alipopita 1407 ile mifupa ilicheka. Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili alikuwa na vipakiti vitano mfukoni na mlango mmoja uliobaki, 1411, mkabala na mlango wa kwao.

Humo alikaa Bi Zebunissa, mjane aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya hospitali Nairobi. Fizza aligonga mara mbili, polepole. Ndani kulikuwa na mwanga; aliuona kwenye kile kitundu cha kuchungulia. Kisha akasikia kitu kikiburutwa sakafuni kuja mlangoni. Kikasimama. Mwanga wa kitundu ukazimika.

Mtu alikuwa amesimama upande wa pili, inchi chache kutoka usoni mwake, na alikuwa anamtazama.

"Bi Zebunissa?" Fizza alinong'ona.

Hakuna aliyejibu. Alingoja. Angeweza kusema kwa sauti: ni mimi, kile kipakiti chekundu kina ngano, tafadhali kitoe. Lakini nyuma yake, kwenye mlango wa kwao, alisikia Mama akicheka na Hira. Sauti ya kusema hapo ingesikika mpaka ndani kwao. Alinyamaza. Baada ya muda kile kitu kikaburutwa kurudi ndani, na kitundu kikawaka tena.

Saa kumi na mbili kamili korido ilijaa. Watoto kumi na watatu walikuwa wametokea ghorofa mbalimbali. Mama alibaki mlangoni kwao akigawa pipi. Fizza alimshika Hira mkono na kuanzia upande wa mbali. Katika mlango wa kwanza Hira alipokea mfuko, akaliona jina lake, akamtazama dada yake kwa macho makubwa.

"Naweza?"

"Unaweza."

Hira alikula pipi ya kijiti papo hapo, koridoni mbele ya watu, kama mtoto yeyote. Alifanya hivyo mara tano. Fizza alikuwa ameshaamua: kwenye mlango wa sita angesema Bi Zebunissa hayupo, wangerudi nyumbani.

"Huyo hayupo," alisema walipofika karibu.

"Ana boga," Hira alisema, akachomoa mkono.

Mlango wa 1411 ulifunguka kabla hajagonga. Ndani palikuwa giza. Umbo jeupe, refu, lisilo na uso, lilitokea polepole likiburuta miguu, na sauti nzito ikaita, "Hiii-raaa." Watoto walipiga kelele. Walirudi nyuma wote kwa pamoja wakamsukuma Fizza ukutani. Alisikia Hira akipiga kelele, kisha akicheka. Alipanda juu ya migongo ya watu wawili akapita.

Hira alikuwa amesimama chini ya lile umbo jeupe. Mfuko ulikuwa umefunguliwa. Kamba nyekundu ilikuwa mdomoni mwake na nyingine mkononi.

"Tema!" Fizza alipiga kelele. "Tema, Hira! Tema!"

Hira alitema. Kilichotoka kilikuwa nusu ya kamba. Nusu nyingine haikuwa mkononi wala sakafuni. Mama alikuwa ameshafika. Saa ya simu yake ilionyesha saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili.

Nyumbani Mama hakupaza sauti. Alimkalisha Hira kwenye kochi, akamsafisha mdomo, kisha akachukua karatasi na kalamu.

"Ni nini?"

"Kamba nyekundu," Fizza alisema. "Zina unga wa ngano. Ni kitu cha pili kwenye orodha."

"Amemeza kiasi gani?"

"Nusu ya kamba."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili."

Mama aliandika yote. Kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Na wewe ulijua saa ngapi?"

Fizza alisikia bomba la taka likilia koridoni. Alijua kwamba hakuna mtu mwingine aliyeujua muda huo, na kwamba jibu lolote ambalo angetoa lingeandikwa.

"Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano."

Mama alipiga hesabu pembeni mwa karatasi. "Dakika arobaini na saba," alisema, akaandika.

Alipiga simu ya wauguzi wa ushauri. Muuguzi alisema wampe maji kidogo kidogo na wamwangalie. Akishindwa kabisa kuhifadhi maji, au akizirai, wampeleke hospitali. Zaidi ya hapo ni kungoja. Walingoja. Hira alikaa na mabawa yake begani. Hakulia. Aliuliza swali moja.

"Lakini ulikuwa na jina langu. Kwa nini ulikuwa na jina langu?"

Fizza alimsogezea kikombe cha maji.

Saa mbili na dakika tano Hira alianza kutapika. Fizza alishika beseni. Alihesabu mara nne ndani ya nusu saa. Baada ya mara ya nne mlango uligongwa. Alikuwa Bi Zebunissa, shuka jeupe limekunjwa chini ya kwapa.

"Parveen, mwanangu," alimwambia Mama, "nimemlisha mtoto nini? Nimeangalia kabati yangu yote. Nilizigusa pipi kwa mikono yenye mkate? Niambie. Kama ni mimi, niambie."

Mama alimtazama Fizza. Hakumsaidia.

"Si wewe, Bi Zebunissa," Fizza alisema. "Ni mimi. Sikusoma orodha yote, nikamwambia Mama nimesoma mara mbili. Nilipojua, nikaja kukitoa kipakiti kimyakimya. Niligonga kwako."

"Nilikuona." Bi Zebunissa alikaa chini taratibu. "Nilikuwa nimeshavaa shuka. Nikasema nikifungua nitaharibu mzaha, na kwa goti langu hili kulivua na kulivaa tena si rahisi. Mbona hukusema neno? Ungesema tu 'ngano', ningefungua. Ningekuja kwa magoti."

"Nilinong'ona."

"Kunong'ona kwa mwanamke wa miaka sabini na nne!"

"Sikutaka Mama asikie."

Bi Zebunissa aliliweka shuka sakafuni akaenda kumshika Hira mkono.

Kuelekea saa tatu, Hira alipolala, Mama alimwita Fizza jikoni. Mfuko uliokunjwa, wenye maganda ya viazi, ulikuwa umenyooshwa mezani.

"Mwaka juzi," Mama alisema, "nilimpa Hira wali uliotiwa mchuzi wa soya. Sikujua kama mchuzi ule una ngano. Nilisoma vibaya, mimi mtu mzima. Nilipojua nilimpigia daktari pale pale, na mkono wangu ulikuwa bado umeshika mwiko. Kwa hiyo kwa kusoma vibaya sikugombezi sana. Jicho limezoea jelatini. Hilo nimekufundisha mwenyewe, na nusu ya kosa hilo ni langu."

Alisukuma karatasi mbele yake.

"Lakini hizi dakika arobaini na saba si za jicho. Ungeniambia saa kumi na moja na thelathini na tano, ningetoka koridoni nikaita kwa sauti, mlango ule ungefunguka, na Hira angeenda na mabawa yake. Nisingemzuia. Ulidhani unamlindia furaha yake. Afya ya mtu hailindwi kwa siri, Fizza. Ukikosea kuhusu chakula cha mgonjwa, unasema hapo hapo, kwa sauti, kwa mtu wa kwanza aliye karibu, hata kama utaona aibu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Rudia."

"Nisome yote. Nikikosea, niseme hapo hapo."

"Na kesho utaenda milango yote mitano uwaambie kilichotokea. Wasije wakadhani ni wao."

Jumamosi Fizza alikwenda. Mogaka hakutania. Bwana Gaspard alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Merci kwa kunielezea, mama," akafunga mlango taratibu. Mchana Hira alikunywa uji wa mchele na haukutoka.

Jumapili, saa saba mchana, Fizza na Mama walirudi katika duka lile. Pipi za Halowini zilikuwa zimerundikwa kwenye kapu mlangoni. Fizza alisoma mifuko kumi na moja, kila mmoja kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho, na Mama akasoma nyuma yake. Saba ilikuwa na ngano, shayiri au onyo kwamba huenda ina ngano. Miwili ilikuwa na jelatini. Ilibaki miwili. Walinunua mmoja, wa pipi ngumu za matunda, na kuusoma tena nyumbani.

Hira alikuwa kwenye kochi, uso bado umepauka. Fizza aliweka pipi moja ya manjano mkononi mwake.

"Nimesoma mara tatu," alisema. "Mama pia."

Hira aliitazama pipi. Akamtazama dada yake. Kisha akairudisha mezani na kunyoosha mkono.

"Nipe mfuko."

Fizza alimpa. Hira aliushika karibu na macho, akaweka kidole kwenye neno la kwanza na kuanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Kwenye maneno mengine alikwama, na Fizza hakumsaidia mpaka alipoulizwa. Orodha ilikuwa na viambato tisa. Alipofika cha mwisho alianza tena kutoka mwanzo.

Saa tisa na dakika kumi na nane alasiri, Hira aliweka pipi ya manjano mdomoni.